Mtu anafutwa kazi kwa wizi, mbona hapelekwi kortini?

#1 MwanaKondele, Kisumu

Wadau, salamu. Nina swali na ningependa wenye uzoefu wanijibu bila kunizungusha.

Ninapofanya kazi, duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, watu wanne walifutwa mwezi uliopita. Barua zote nne zilisema maneno yale yale: ulaghai, utovu mkubwa wa nidhamu, kuanzia leo. Wakanyang'anywa vitambulisho, mlinzi akawasindikiza hadi getini, habari ikaishia hapo. Hakuna polisi aliyekuja kuuliza kitu. Mmoja wao nimemkuta juzi Kibuye anauza misumari na mabati, na biashara inamwendea vizuri.

Si kwetu tu. Mwaka 2025 magazeti yaliandika kwamba Equity imeachisha kazi zaidi ya watu 1,200 kwa mambo ya ulaghai, na Safaricom nayo hutaja kwenye ripoti zake za mwaka idadi ya wafanyakazi iliowafuta kwa sababu kama hiyo.

Hoja yangu ni hii. Kuiba ni jinai, aliyeiba ashtakiwe. Kama hakuna ushahidi wa kumshtaki, asifutwe, maana umemharibia jina na kumnyima riziki kwa tetesi. Hii ya katikati, ya kufutwa kimya kimya, inamfaidi nani? Mimi naona waajiri wana kitu wanakificha.

#2 Section58, Nakuru

Wanaficha aibu, basi. Mteja akisikia keshia wako alikuwa anakula pesa zake na wewe hujui, anahama. SACCO na benki ndizo zinaogopa zaidi. Bora umeze hasara ufunge mdomo. Uzi umeisha, tuongee mambo mengine.

#3 MamaFloti, Bungoma

Section58, haujaisha. Mimi sina jina kubwa la kulinda. Nina vibanda viwili vya M-Pesa. Mwaka juzi kijana niliyemwamini aliondoka na floti, yaani pesa za kuendeshea kibanda, ya wikendi nzima. Alikuwa anatuma kidogo kidogo kwa namba za jamaa zake, kila mara kiasi ambacho kisingenishtua, halafu Jumapili jioni akafunga kibanda, akamwachia muuza mahindi ufunguo, akazima simu.

Nilikwenda kituoni nikaandikiwa OB, yaani taarifa kwenye daftari la matukio la polisi. Niliporudi kufuatilia, naulizwa mkataba wa kazi uko wapi. Sina, tulipatana kwa mdomo. Daftari la kukabidhiana floti liko wapi? Lipo, lakini kurasa za mwisho hazina sahihi yake. Afisa akaniambia hii inaonekana ni deni, nenda ukafungue kesi ya madai. Nikamuuliza, deni gani la mtu ambaye sikumkopesha?

Kwa hivyo wengine hatufichi chochote. Tunataka kushtaki na hakuna wa kutusikiliza.

#4 Wakili wa Nyando, Kisumu

MamaFloti, pole. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na kukosa karatasi hakumfanyi kijana asiwe mfanyakazi wako. Ni kweli sheria inakutaka wewe mwajiri uuandike ukimweka mtu miezi 3 au zaidi, lakini hilo halifuti wizi wake. Rudi kwa mkuu wa kituo, ukishindwa peleka malalamiko yako ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iliyo karibu nawe.

Sasa kwa MwanaKondele. Kosa lenyewe lipo waziwazi: kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa mtumishi, kifungo hadi miaka 7. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni miaka 3. Kumuibia anayekuajiri kunachukuliwa kuwa kuzito zaidi.

Ila kufuta na kushtaki ni mambo mawili. Kortini lazima upande wa mashtaka uthibitishe pasipo shaka yoyote ya maana. Kazini, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu aliyoiamini kwa dhati wakati anamfuta mtu. Kifungu cha 44(4)(g) kinamruhusu kumfuta papo hapo hata kwa kumshuku kwamba ametenda jinai dhidi yake au mali yake, mradi shuku hiyo iwe na msingi wa kutosha. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akafutwa kihalali kwa ushahidi ambao hakimu angeutupa.

Hilo halimpi mwajiri uhuru wa kufanya apendavyo. Kifungu cha 41 kinasema mtu aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Hao wanne waliitwa kwenye kikao cha nidhamu?

#5 MwanaKondele

Asante Wakili. Wawili waliitwa ofisini usiku baada ya duka kufungwa, wakatoka na barua. Wa tatu sijui. Wa nne ni mpakiaji wa stoo na hakuitwa kabisa. Barua yake ilikuwa ya Kiingereza, akaniletea stendi ya matatu nimsomee. Nilipofika kwenye neno la ulaghai aliniuliza kama nina hakika ni barua yake.

#6 Mkaguzi Mstaafu, Nakuru

Nimekagua vitabu vya SACCO na maduka kwa muda mrefu hapa Nakuru, Njoro na Molo. Sikubaliani na #2 wala na mleta uzi. Shida kubwa ni ushahidi, na ushahidi huharibika kabla polisi hawajaitwa.

Chukueni keshia wa SACCO. Leo mwanachama wa kwanza analeta 20,000. Keshia anazitia mfukoni na kumpa risiti ya mkono. Kesho wa pili akileta 20,000, zinaingizwa kwenye akaunti ya wa kwanza. Kesho kutwa za wa tatu zinaingia kwa wa pili. Kila akaunti inachelewa siku moja mbili tu, hakuna anayelalamika. Shimo linahama kutoka akaunti moja hadi nyingine na halionekani mpaka keshia augue au alazimishwe kwenda likizo. Ndiyo maana nikiingia ofisi yoyote, swali langu la kwanza ni: nani hapa hapendi kuchukua likizo?

Haya, umemgundua. Unafungua mfumo unakuta kila muamala umeingizwa kwa jina lake. Unadhani umemaliza. Halafu unauliza nani mwingine anajua nywila yake. Meneja anaijua. Kijana wa kompyuta anaijua. Yule anayemshikia dirisha saa ya chakula anaijua. Wakili wa utetezi hahitaji kingine.

Ukija kwenye karatasi zilizochapwa kutoka kwa kompyuta, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa mtambo gani, kikiwa na sahihi ya mhusika wa mfumo. Nimekaa kortini nikiona taarifa za akaunti zikikataliwa kwa kukosa cheti hicho. Risiti za mkono zingesaidia, lakini ziko kwa wanachama na wengi wameshazitupa.

Mkurugenzi akishauriwa hivyo na wakili wake, anachagua kufuta mtu na kunyamaza. Hajaficha kitu. Amepima tu.

#7 Section58

Mzee, umewaharibia usingizi makeshia wote wa Kenyatta Avenue. Kesho kila mtu ataomba likizo.

#8 Mulembe, Kakamega

Mulembe nyote. Wakili ameruka jambo moja. Ukishtakiwa na korti ikakuachilia, kampuni lazima ikurudishe kazini na kukulipa mishahara yote ya nyuma. Hiyo ndiyo sababu hawashtaki, wanaogopa kushindwa.

#9 NyarAhero

Mulembe, nakuomba usiwaambie watu hivyo. Sisi tuliambiwa hivyo hivyo na tukaamini.

Kaka yangu alikuwa karani wa ghala kwenye kampuni moja huku kwetu. Alifutwa, halafu akashtakiwa kwa wizi wa mtumishi. Walimkamata Ijumaa, akalala ndani hadi Jumatatu. Tuliuza ng'ombe kupata dhamana. Baada ya hapo ikawa ni kwenda na kurudi: leo kesi inatajwa, kesho shahidi ameacha kazi, siku nyingine faili halionekani. Kila aliyetushauri, wakiwemo watu tuliowaona wamesoma, alisema subirini hii ya jinai iishe, akishinda hiyo ya kazi itakuwa rahisi.

Iliisha. Hakimu alimwachilia huru chini ya kifungu cha 215. Mama alipiga magoti pale nje ya korti. Tukaenda mahakama ya leba na hukumu mkononi, tukaambiwa tumechelewa. Miaka 3 ilihesabiwa tangu tarehe ya barua ya kumfuta. Tarehe ya kuachiliwa haikuhesabika. Hawakufika hata kwenye swali la kama alionewa au la.

Sasa hivi analima mpunga Ahero kwenye shamba la kukodi. Ana karatasi ya korti inayosema hana hatia na hakuna mahali pa kuipeleka.

#10 Wakili wa Nyando

NyarAhero, pole sana. Kilichowapata ndicho kinachowapata wengi, na ningetaka kila anayesoma uzi huu akijue.

Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2016 kwenye kesi ya watumishi wa serikali waliosubiri kesi ya jinai imalizike: muda unaanza kuhesabiwa siku mtu alipofutwa. Ni kifungu cha 90 cha Sheria ya Ajira. Kwenye toleo jipya la sheria zetu namba imekuwa 89, msije mkakitafuta mkakikosa. Na hakuna haja ya kusubiri, kwa sababu kifungu cha 193A cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaruhusu kesi ya jinai na ya madai ziende pamoja hata kama zinahusu jambo lile lile. Fungua ya leba mapema, hata kama utaomba isimame kwa muda.

Mulembe, kuachiliwa na hakimu hakukurudishi kazini kwa nguvu zake. Mahakama ya leba inaweza kuamuru urudishwe, lakini ndani ya miaka 3 tangu kufutwa, na mara nyingi inachotoa ni fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

NyarAhero, kuna njia nyingine, ya kudai fidia kwa kushtakiwa kwa nia mbaya. Hiyo huhesabiwa tangu kesi ya jinai ilipokwisha. Ni ngumu: lazima uonyeshe kwamba aliyeanzisha mashtaka hakuwa na sababu ya maana na kwamba alisukumwa na chuki. Ukiishtaki serikali pia, muda ni miezi 12 tu. Hukumu ni ya lini?

#11 Mulembe

Nimekuelewa Wakili, lakini tazama unachokisema. Mwajiri mwenye wakili mzuri anakufuta, anakushtaki, unahangaika na dhamana na kusafiri, muda wako wa kudai haki ya kazi unakwisha. Ukishinda, umeshinda bure. Basi nageuza hoja yangu: wanaoshtaki wengine hawatafuti haki, wananunua muda.

#12 PampuYaLanet

Mnaongea mambo ya karani na keshia. Mimi najaza mafuta. Huku kwetu hesabu isipotimia huo ni wizi, hakuna mjadala.

Mwisho wa zamu meneja anasoma mita ya pampu, anazidisha lita kwa bei, analinganisha na pesa taslimu, M-Pesa na kadi ulizokabidhi. Ikipungua ni shoti, na shoti ni yako. Haijalishi kwamba mtu wa pikipiki alijaza akatoroka, wala kwamba wawili mlitumia pampu moja zamu hiyo. Mwisho wa mwezi mshahara umeliwa na shoti. Ukiuliza, unaambiwa: tukuitie polisi?

Hilo neno polisi kwetu ni fimbo tu. Kortini hawatupeleki, kwa sababu kule na wao wataulizwa hesabu zao.

#13 Mwakilishi wa Chama, Nakuru

PampuYaLanet, weka hii akilini. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu, na ni kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Tena makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Na hata ukifutwa papo hapo, kifungu cha 18(4) kinasema ulipwe kila kilicho chako hadi siku hiyo. Nimeona watu wakitoka mikono mitupu kwa kuambiwa mwizi hadai. Anadai. Siku alizofanya kazi ni zake.

#14 HR wa Magharibi, Kisumu

Nitasema ya upande wa pili, najua mtanirushia mawe.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya nidhamu. Ukweli ni kwamba mwajiri wa kawaida hana haja ya kumfunga mtu. Anataka pesa zake. Aliye ndani halipi, na aliye nje akitishwa kidogo analipa. Ndiyo maana inaandikwa barua ya kukiri, inaandikwa ratiba ya kulipa, kila mtu anakwenda zake. Ukipeleka kortini unatoa wafanyakazi watatu kazini kwenda kutoa ushahidi, wanakaa kwenye benchi hadi mchana, kesi inaahirishwa. Unawapeleka tena. Wengine wanaacha kazi na huwapati tena.

Halafu kuna familia. Baada ya kumsimamisha kijana mmoja wa mauzo, kesho yake asubuhi nilimkuta mama yake mzazi ameketi kwenye ngazi ya ofisi. Aliingia, akafungua leso, ndani mlikuwa na hati ya shamba. Akaiweka mezani kwangu akasema, "Chukueni hii, msinichukulie mtoto." Niambieni kama nyinyi mngeinua simu kumpigia OCS, mkuu wa kituo cha polisi.

#15 NyarAhero

Na hiyo hati mliichukua?

#16 HR wa Magharibi

Niliirudisha kwenye leso mimi mwenyewe. Mkurugenzi alitaka ibaki kama dhamana, tukabishana vikali. Shamba ni la familia nzima, huyo mama hakuiba. Kijana alilipa kidogo, halafu akaacha, na hakuna aliyemfuata.

#17 Wakili wa Nyando

HR, umefanya utu. Lakini hizo barua za kukiri mnazoandikisha watu usiku mnapaswa kujua thamani yake. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri kosa hakutumiki dhidi ya mshtakiwa isipokuwa amekiri kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotajwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na kuwe na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Barua iliyoandikwa mbele ya meneja na mlinzi haimo humo.

Kwenye kesi ya leba barua hiyo hiyo inaweza kumsaidia mwajiri, iwapo haikuandikwa kwa vitisho. Hii nayo ni sababu moja ya kesi nyingi kuishia kazini: mwajiri ana karatasi inayomtosha kufuta na isiyomtosha kufunga.

Lingine: watu husema "kampuni itaondoa kesi akilipa." Mashtaka yakishafika kortini mwenye kesi ni Jamhuri. Mlalamishi anaweza kuomba, lakini hakimu au Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye neno. Msimuahidi mtu kile ambacho hakiko mikononi mwenu.

#18 TikitiYaMizani, Magharibi

Wote mmezunguka na hamjagusa penyewe. Nimefanya kazi kwenye mizani ya miwa, kiwanda sikitaji.

Trekta hupimwa imejaa, inashusha miwa, inapimwa tena tupu. Tofauti ndiyo tani za mkulima. Mchezo uko kwenye kipimo cha pili. Trela tupu ya tani 6 inaandikwa 4, na hapo tani 2 zimezaliwa kwenye karatasi. Zinaingizwa kwa namba ya mkulima ambaye hana hata shina moja la muwa. Sasa nyinyi fikirini: karani wa mizani anaweza kufanya hivyo peke yake? Kuna aliyemsajili huyo mkulima hewa. Kuna aliyesaini kwamba shamba lake lilikaguliwa. Kuna aliyeidhinisha malipo. Karani anapata cha soda.

Siku likilipuka, anafutwa karani. Hashtakiwi kwa sababu akipanda kizimbani atataja majina, na majina hayo ndiyo yaliyosaini barua ya kumfuta. MwanaKondele uko sahihi, wana kitu wanakificha, na kiko ghorofa ya juu.

#19 MwanaKondele

Omera, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kwetu pia mpakiaji hawezi kutoa mifuko ya saruji bila karatasi ya mtu wa juu. Na huyo mtu wa juu bado yuko kazini.

#20 Mkaguzi Mstaafu

TikitiYaMizani, mambo ya aina hiyo yapo, nimeyaona. Lakini usifanye kila kimya kuwa njama. Kwa kila genge nililokuta, nimekuta pia watu wengi waliokuwa peke yao na madeni ya mkopo au ya kamari, na mwajiri mchovu asiyetaka kuona korti. MwanaKondele, saini ya mtu wa juu kwenye karatasi haithibitishi kwamba alijua. Wengi husaini rundo bila kusoma. Huo ni uzembe, unastahili adhabu, lakini uzembe si wizi.

#21 TikitiYaMizani

Mzee, anayesaini bila kusoma kila wiki na kila wiki anapata gari jipya, huyo anasoma.

#22 Dada wa Njoro

Jamani, mmesahau adhabu ambayo haihitaji korti. Picha gazetini: "Umma unaarifiwa kwamba mtu huyu si mfanyakazi wetu tena." Picha ya pasipoti, jina kamili, namba ya kitambulisho. Binamu yangu aliwekwa hivyo. Hakushtakiwa, hakuna aliyethibitisha lolote, lakini akiomba kazi Nakuru anaulizwa wewe si yule wa gazetini?

Ninajua kampuni inaweza kusema inawalinda wateja wasilipe pesa kwa mtu aliyeondoka. Sawa, andika jina na useme hahusiki tena. Sura yake na namba ya kitambulisho ni za nini?

#23 Mwakilishi wa Chama

Dada, tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na kamishna wake. Binamu yako anaweza kulalamika huko kuhusu picha na namba ya kitambulisho, na kama tangazo linamwita mwizi kuna kesi ya kuharibiwa jina. Pia adai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa kila aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi. Kinaandikwa kazi aliyofanya, mahali, tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Hata aliyefutwa ana haki nacho.

#24 Busia Mpakani

Na wale wa vyeti bandia? Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imekuta vyeti 2,067 vya kughushi. Hao EACC, tume ya kupambana na ufisadi, inawafuata hadi warudishe mishahara. Mbona serikali inaweza na duka la vifaa haliwezi?

#25 Section58

Kwa sababu serikali hailipi wakili kwa saa, na haiogopi wateja kuhama. Narudi pale pale kwenye #2. Wakili ametoa vifungu, Mzee ametoa hesabu, Tikiti ametoa wakubwa, lakini mwenye duka anachouliza ni kimoja: nikitangaza, nitauza kesho?

#26 MamaFloti

Section58, mimi ningetangaza hata leo. Mnaowaonea huruma waliofutwa, mkumbuke na sisi tunaoibiwa. Floti ile ilikuwa ya mkopo wa chama. Nililipa mimi, na wanawake wenzangu walinisubiri. Nikimwona huyo kijana Chwele sokoni ananiamkia "shikamoo mama" kama hakuna kilichotokea.

#27 NyarAhero

MamaFloti, nakuonea uchungu, na sisemi wako asishtakiwe. Nasema wa kwetu hakuiba. Wakili, umeniuliza tarehe ya hukumu. Ni mwaka jana mwezi wa nane.

#28 Wakili wa Nyando

Basi angalia leo ni tarehe ngapi, dada. Dhidi ya serikali miezi 12 inaweza kuwa imepita au inakaribia kupita. Dhidi ya mwajiri mwenyewe muda bado upo. Usikubali kuambiwa subiri tena. Chukueni nakala ya mwenendo wote wa kesi, si hukumu peke yake, kwa sababu nia mbaya mara nyingi huonekana kwenye maswali aliyoulizwa mlalamishi.

MwanaKondele, nawe nina jambo kuhusu mpakiaji. Anapata chini ya 80,000 kwa mwezi?

#29 MwanaKondele

Wakili, hata robo ya hiyo hapati.

#30 Wakili wa Nyando

Basi hahitaji hata kwenda mahakama kuu ya leba. Tangu 2018 mahakimu waliochaguliwa wanasikiliza kesi za ajira za watu wa kiwango hicho. Hakuitwa kwenye kikao, hakuelezwa kwa lugha anayoielewa, barua ni ya mwezi uliopita. Sijui kama aliiba au hakuiba na sina haja ya kujua sasa. Mwambie aitunze barua na bahasha yake, aandike leo leo nani alimpa, saa ngapi na nani alikuwepo, kisha aende ofisi ya leba ya kaunti au kwa wakili.

#31 Mkaguzi Mstaafu

Na aandike pia ni mifuko mingapi alipakia siku wanayodai, kwa gari gani, na karatasi ilisainiwa na nani. Hata kama hatutakubaliana na Tikiti, hilo la saini litaulizwa.

#32 MwanaKondele

Nimempigia. Namba ya gari anaikumbuka. Anasema karatasi alirudishiwa dereva, na dereva bado anafanya kazi kwetu. Nitamtafuta asubuhi kabla hajatoka na mzigo wa Siaya.